Wanafunzi wa uuguzi: tusome anatomia kwa kumpima mtu aliye hai (uzi maalumu)

Nesi Mlezi:

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wanafunzi wa uuguzi na ukunga, ngazi zote, pamoja na yeyote anayewalea wodini.

Nasimamia wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi ya vitendo, na kuna jambo linaniumiza. Mwanafunzi anakuja ametoka kufaulu anatomia vizuri kabisa. Atakutajia mifupa 206 ya mtu mzima, atakuchorea moyo na vyumba vyake vinne, mishale ya damu imekaa sawasawa. Msogeze kitandani kwa mgonjwa, mwambie akuonyeshe ubavu wa pili. Mkono unatangatanga. Mwishowe stetoskopu inatua popote, juu ya shati, kwa sekunde tatu, na kwenye faili inaandikwa "moyo na mapafu kawaida".

Simlaumu. Tumemfundisha anatomia kwenye daftari moja na upimaji wa mwili kwenye daftari jingine, mihula tofauti, mitihani tofauti. Kwangu mimi hilo ni somo moja, na mahali pa kulisomea ni juu ya ngozi ya mtu: wewe mwenyewe, mwenzako wa bweni, mdogo wako nyumbani akikubali.

Tuanze na kifua, fanya sasa hivi unaposoma. Weka kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo, juu ya kidari (mfupa wa katikati ya kifua). Teremka polepole katikati ya mfupa. Sentimita chache chini utakuta kituta kilicholala kwa upana. Hapo ndipo ubavu wa pili unapoungana na kidari. Telezesha kidole pembeni, uko juu ya ubavu wa pili. Shuka kidogo panapobonyea, hiyo ni nafasi ya pili kati ya mbavu. Hesabu kutoka hapo kwenda chini. Usihangaike kuanza na ubavu wa kwanza, kwa sababu umejificha nyuma ya mtulinga (mfupa unaotoka kidarini hadi begani) na wengi hawaupati.

Ukishajua kuhesabu, moyo ni rahisi. Nafasi ya pili kulia kwa kidari, unasikiliza vali (mlango wa damu wa moyo) ya aota. Nafasi ya pili kushoto, vali ya palmonari. Nafasi ya nne kushoto, karibu na kidari, trikuspidi. Nafasi ya tano kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, mitrali, na hapo ndipo ncha ya moyo inapogonga. Usidhani vali zenyewe ziko hapo. Zote nne zimesongamana nyuma ya kidari. Sauti husafiri kufuata damu inakoelekea, ndiyo maana ya aota inasikika vizuri juu kulia.

Sauti ya kwanza ni mitrali na trikuspidi zikifunga, ya pili ni aota na palmonari. Ukichanganyikiwa ipi ni ipi, gusa taratibu mshipa wa shingo upande mmoja tu: sauti inayokwenda pamoja na pigo la shingo ndiyo ya kwanza. Na ncha ya moyo isiposikika, mgeuze mgonjwa alalie ubavu wa kushoto, moyo utasogea karibu na mbavu. Ukiikuta ncha imehamia chini na kuelekea kwapani, mwite daktari aangalie kama moyo umepanuka.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mtulinga:

Shikamoo mwalimu. Nimefanya hapa bwenini na mwenzangu, kituta tumekipata wote wawili! Niko mwaka wa kwanza. Naomba na mapafu hivyo hivyo. Sisi tunaambiwa tu "sikiliza pande zote", halafu mtihani wa vitendo ukifika mtu unatetemeka.

Nesi Mlezi:

Marahaba mdogo wangu.

Mapafu watu wengi huyasikiliza mbele tu, na hapo ndipo wanapokosa habari. Pafu la kulia lina ndewe (sehemu kuu za pafu) tatu, la kushoto mbili. Ukisimama nyuma ya mgonjwa, sehemu kubwa unayoisikia mgongoni ni ndewe za chini. Ndewe ya kati ya kulia haifiki mgongoni kabisa. Ni mbele na chini ya kwapa la kulia. Kwa hiyo asiyegeuza mgonjwa hajasikiliza ndewe za chini, na asiyefika mbele kulia hajaisikia ya kati.

Juu kabisa pafu linapanda na kupita mtulinga kwa sentimita 2 hadi 4. Weka stetoskopu kwenye kibonde kile juu ya mtulinga, pande zote mbili. Kwa nchi zetu hapo si pa kuruka, maana kifua kikuu kinachoamka kwa mtu mzima hupenda sehemu za juu za mapafu.

Linganisha kulia na kushoto usawa mmoja, halafu ndipo ushuke. Ukimaliza upande mmoja wote kabla ya kuhamia wa pili, sikio linakuwa limesahau. Mwambie mgonjwa apumue kwa mdomo, na umpumzishe katikati, la sivyo atapata kizunguzungu.

Jambo jingine: bomba kuu la hewa la kulia ni fupi, pana zaidi na limesimama wima kuliko la kushoto. Mtoto akipaliwa na punje ya karanga, au mgonjwa aliyepoteza fahamu matapishi yakamwingia, mara nyingi vitu hivyo huenda kulia. Ukijua hilo unajua sikio lianzie wapi.

Na kugonga kifua kwa kidole msikuone kama mambo ya zamani. Daktari Leopold Auenbrugger wa Vienna aliandika kuhusu njia hiyo mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na pipa la mvinyo hugongwa kujua limejaa hadi wapi. Kifua chenye maji chini hulia kizito kama paja, chenye hewa hulia wazi. Kwenye zahanati isiyo na eksirei, kidole chako kinaweza kukupa sababu ya kuandika rufaa.

Bibi Zamu:

Nimestaafu ila siwezi kupita bila kusema neno. Nakazia hapo kwenye kupumua.

Kuna wodi nilipita, sitaitaja, chati zote zinasoma pumzi 20 kwa dakika. Mzee wa pumu 20, binti aliyejifungua jana 20, kijana wa nimonia anayehema pua zinatanuka, naye 20! Nilikasirika hadi machozi. Kijana yule hali ilikuwa inabadilika tangu asubuhi na karatasi inasema yuko sawa. Pumzi ndicho kipimo kisichohitaji umeme, betri wala dawa, na mara nyingi huongezeka kabla presha haijashuka. Ndicho tunachokitunga.

Wanangu, hesabuni dakika nzima. Usimwambie mtu mzima kwamba unamhesabia pumzi, atabadilisha. Shika kifundo cha mkono kama bado unahesabu mapigo, macho yako yawe kifuani. Mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20. Mtoto, mama ampakate, asiwe analia wala ananyonya, pandisha nguo uone kifua na tumbo. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, ni 40 au zaidi. Angalia pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa. Na uliza: ananyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au ni mgumu kuamka? Jibu moja baya hapo, huyo mtoto hapangi foleni.

Nesi Mlezi:

Bibi, shikamoo, na asante sana. Hilo la kutunga namba ni la kuwaambia wanafunzi siku ya kwanza kabisa. Kama hukuhesabu, acha wazi, andika hukupima. Nafasi iliyo wazi itamshtua anayekuja zamu ijayo, namba ya uongo itamlaza usingizi.

Pwani Moja:

Niko Mombasa, mwaka wa pili. Mimi nilikatwa alama kwenye tumbo kwa sababu nilipapasa kabla ya kusikiliza. Mwalimu akasema "umevuruga mpangilio" ila hakuelezea kwa nini. Pia huku Pwani tuna watoto wengi wa selimundu (siko seli), tunaambiwa tupapase bandama na sijawahi kuihisi hata mara moja.

Nesi Mlezi:

Swali zuri sana, ndugu yangu.

Sehemu nyingine za mwili unatazama, unapapasa, unagonga, unasikiliza. Tumboni unatazama, unasikiliza, unagonga, na kupapasa ni mwisho. Sababu ni mbili. Ukibonyeza utumbo unauchochea, milio utakayosikia baadaye umeisababisha wewe. Na ukigusa panapouma, mgonjwa anakaza misuli na hutapata kitu tena. Milio ya kawaida ni kama 5 hadi 30 kwa dakika. Kabla ya kuandika kwamba haipo, sikiliza dakika 5 kamili kwa saa.

Kabla ya kugusa mwambie akunje magoti, misuli ya tumbo ilegee. Pasha viganja joto. Muulize panapouma, halafu uanzie mbali na hapo. Na wakati unapapasa tazama uso wake, maana wapo watu, hasa wazee wetu, hawatasema "naumia" ila nyusi zitasema.

Sasa bandama. Iko kushoto, imelala nyuma ya mbavu za 9, 10 na 11. Ikiwa na ukubwa wake wa kawaida kwa kawaida haiguswi, kwa hiyo kutoihisi kwa mtu mzima mwenye afya ndiyo matokeo mazuri. Ikivimba haishuki moja kwa moja chini, inakuja kimshazari kuelekea kitovu na nyonga ya kulia. Hapa ndipo wanafunzi wanapoikosa: wanaanza kupapasa chini ya mbavu za kushoto, na kama ni kubwa sana vidole vinakuwa tayari viko juu yake, hawaoni ukingo wowote. Anzia chini kulia. Mkono wako wa kushoto uwe nyuma ya mbavu zake za kushoto ukiinua kidogo, wa kulia upande taratibu kimshazari, kila anapovuta pumzi vidole vimngoje. Bandama itakuja yenyewe kugusa ncha za vidole. Taratibu tafadhali, bandama iliyovimba inaweza kupasuka.

Kwa mtoto wa selimundu hili ni suala la maisha. Damu inaweza kujaa ndani ya bandama ghafla, mtoto akapauka na kulegea kwa muda mfupi. Kule Jamaica wazazi wa watoto wenye selimundu walifundishwa kupapasa bandama nyumbani na kukimbilia hospitali wakiona imekua, na vifo vya tatizo hilo vikapungua. Kama mama asiyesoma uuguzi aliweza, wewe utaweza. Omba ruhusa kliniki ya selimundu, mwalimu akushikie mkono kwa mtoto ambaye tayari inajulikana bandama yake ni kubwa. Ukishaihisi mara moja, utaitambua tena.

Pwani Moja:

Mwalimu, Mungu akubariki. Kumbe nilikuwa naanzia juu yake!

Moja la nyongeza: kidole tumbo. Mgonjwa analalamika kitovuni, sisi tunatafuta chini kulia. Inakuwaje?

Nesi Mlezi:

Neva za kidole tumbo huingia kwenye uti wa mgongo usawa mmoja na neva za ngozi ya kitovuni, pingili ya 10 ya kifua. Ubongo unapokea taarifa ya mapema na kudhani ni kitovu. Uvimbe ukishafika kwenye utando unaofunika ukuta wa tumbo, maumivu yanahamia mahali penyewe. Chora mstari kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni, theluthi ya kwanza kutoka nyonga ndipo penye maumivu makali. Kwa hiyo usiulize tu "wapi panauma", uliza "yalianzia wapi, sasa yako wapi". Na akikwambia chembe ya moyo (wengi humaanisha juu ya tumbo, chini ya kidari), mwombe aonyeshe kwa kidole kimoja kabla hujaandika kwamba ana maumivu ya moyo.

Kijana wa Nyanda:

Wakuu mimi nina swali la picha za vitabuni. Vitabu vyetu vingi mgonjwa ni mzungu. "Ngozi ya bluu", "ngozi nyekundu", "ngozi ya manjano". Hapa kwetu naangalia nini?

Bibi Zamu:

Mwanangu, umeuliza swali ambalo wengi wanalionea aibu. Angalia pale ambapo rangi ya ngozi haifichi damu.

Upungufu wa damu: vuta kope la chini, tazama ndani, tazama ulimi, fizi, na kiganja. Kiganja cha mtoto kiweke kando ya chako na cha mama yake, ulinganishe. Akiwa na hina viganjani, nenda kwenye kope na ulimi. Manjano: tazama weupe wa jicho kwenye mwanga wa mchana, taa ya umeme inadanganya. Watu weusi wengi wana rangi ya kahawia kidogo kwenye weupe wa jicho ule uliozoea jua, hivyo mwambie atazame chini, inua kope la juu uone sehemu iliyofichwa. Tazama na chini ya ulimi. Ukosefu wa hewa: ulimi, ndani ya midomo, fizi. Vinaweza kuonekana vya kijivu, usingoje bluu ya kitabuni.

Vidonda vya kulalia ndivyo vinavyotupita kabisa. Kwa ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo hauonekani. Tumia nyuma ya mkono wako: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu au teketeke? Mgonjwa anasema panawaka? Mgeuze leo, usisubiri ngozi ichubuke.

Nesi Mlezi:

Naongeza kuhusu oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha walichokiona kwa wagonjwa ambao kifaa kilisoma kati ya asilimia 92 na 96. Walipopima damu ya mshipa wa ateri, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilionyesha oksijeni halisi iko chini ya 88. Kwa wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Kifaa kinatumia mwanga kupita kwenye ngozi, na ngozi nyeusi inakivuruga. Kwa hiyo kikisoma 93 na mgonjwa wako anahema, mwamini mgonjwa. Futa rangi ya kucha, tumia kidole kisicho na hina, pasha mkono wenye baridi.

Mtulinga:

Mwalimu na sindano je? Tulikatazwa kumchoma mtoto mchanga kwenye tako, ila nyumbani nimekua nikiona watu wanachomwa hapo hapo.

Nesi Mlezi:

Neva ya siatiki ndiyo neva nene kuliko zote mwilini, na inapita kwenye tako ikishuka mguuni. Mtoto ana nyama kidogo pale, umbali kati ya sindano na neva ni mdogo sana. Uganda imeandikwa sana kuhusu watoto waliopooza mguu baada ya kuchomwa sindano takoni, nyingi zikiwa za kwinini. Mguu unaburuzwa maisha yote kwa sababu ya homa iliyopona ndani ya wiki. Ndiyo maana chanjo za watoto wachanga hutolewa mbele ya paja upande wa nje, ambako hakuna neva kubwa wala mshipa mkubwa.

Kwa mtu mzima jifunze upande wa nyonga. Nyonga yake ya kushoto, tumia mkono wako wa kulia: kiganja juu ya kifundo kigumu cha fupapaja, kile unachokilalia ukilala ubavu. Kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, kidole cha kati kitanue kuelekea nyuma kufuata ukingo wa nyonga. Katikati ya vidole hivyo viwili ndipo pa kuchoma. Chora kwa kalamu kwenye nyonga ya mwenzako, urudie upande wa pili kwa mkono mwingine, hadi usifikirie tena.

Kijana wa Nyanda:

Na presha? Wenzangu wawili tumempima mama mmoja, majibu tofauti kabisa.

Nesi Mlezi:

Kabla ya kulaumu mashine: alikaa dakika 5? Mgongo umeegemea, miguu chini haijapishana, mkono usawa wa moyo, hajabanwa na mkojo, hamuongei? Halafu tazama mkanda. Puto la ndani linatakiwa lizunguke kama asilimia 80 ya mkono. Mama mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo, presha inapanda ya uongo, na huenda akaanzishiwa dawa za maisha. Shika mshipa wa mkono, jaza hadi pigo lipotee, ongeza 30, ndipo ushushe ukisikiliza.

Bibi Zamu:

Na kabla ya yote hayo, salamu. "Shikamoo mama, naitwa fulani, mimi ni mwanafunzi, naomba nikupime tumbo, nitakufunua hadi hapa tu." Funga pazia. Mwanamke wa makamo kufunuliwa mbele ya vijana wanane ni mtihani mkubwa kwake kuliko kwako. Unajua stetoskopu ilianzaje? Mwaka 1816 huko Paris, daktari Laennec aliona si vyema kuweka sikio kifuani kwa binti mmoja mgonjwa, akakunja karatasi ikawa bomba. Kumsitiri mgonjwa ndiko kulikozaa kifaa tunachotembea nacho shingoni.

Mtulinga:

Swali la mwisho kwangu leo. Nanunua stetoskopu ya kwanza, hela ni ya mawazo. Niangalie nini?

Nesi Mlezi:

Usinunue jina. Hakikisha ina pande mbili, utando bapa na kikombe, na kichwa kinazunguka kubadilisha upande. Utando, bonyeza ngozi vizuri, ni wa sauti za juu kama pumzi na milio ya tumbo. Kikombe, gusa kwa wepesi, ni cha sauti nzito za chini. Mpira usiwe na ufa, vipande vya masikioni viwe laini na vizibe kabisa.

Ukivaa, ncha za masikioni zielekee mbele, upande wa pua, kwa sababu tundu la sikio linaelekea huko. Wengi wanaosema "sisikii kitu" wameivaa kinyume. Gonga utando kidogo kwa kucha kabla ya kuiweka kifuani, kama husikii, kichwa kimezungushwa upande wa pili. Na kifute kwa spiriti kila unapotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda mwingine.

Naingia zamu. Wekeni maswali, hasa ya upimaji wa mjamzito na wa mfumo wa fahamu, nitapita kesho asubuhi.